Mwalimu wa Neno Moja

Katika shule ile ya Baraka, hesabu za mwaka wa mwisho zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa Mwalimu Anatole. Alianza kufundisha darasa la sita la sekondari kabla vijana walioketi mbele yake hawajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito iliyovuka dirisha na kufika barabarani, hata akina mama waliopita na mabeseni ya ndakala, dagaa wa ziwani, kichwani walijua leo watoto wanafundishwa limiti ama logarithimu. Hakuwa mkatili, lakini subira hakujaliwa. Aliandika haraka, akasema haraka, akafuta haraka. Aliyebaki nyuma alibaki.

Zubeda alikuwa mmoja wa waliobaki nyuma, na si kwa uvivu. Baba yake, Mahmudu, alikuwa na mitumbwi ya mota upande wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, na alimleta Baraka akae kwa shangazi yake asome mpaka apate diploma. Shida ya Zubeda ilikuwa moja: hakuweza kuandika kitu asichokielewa. Mkono wenyewe ulikataa.

"Mwalimu, juu ya nini tunagawanya hapa? Sababu ni gani?"

"Andika kwanza, mama. Utaelewa mbele."

"Lakini mwalimu, kama naelewa sasa, ile ya mbele itakuwa mwepesi."

"Zubeda! Mtihani wa Serikali hauulize juu ya nini. Unauliza ngapi!"

Darasa lilicheka, na Mwalimu Anatole naye akatabasamu kidogo kwa kupendezwa na maneno yake mwenyewe. Zubeda aliinamisha kichwa. Tangu siku hiyo alipunguza kuuliza, na alama zake zikapungua pamoja na maswali yake.

Basi ikawa asubuhi moja ya mwezi wa pili, mwalimu yuko ubaoni akifundisha namna ya kutafuta kilele cha fonksyo, pale mstari wake unapofika juu kabisa, akasema, "Kwa hiyo, ikiwa hapa tunapata—" akanyamaza. Wanafunzi waliokuwa wakiandika waliinua macho. Chaki ilikuwa imemponyoka. Aliutazama mkono wake wa kuume kama mtu anayeutazama mkono wa mgeni, mdomo ukapinda upande, na yule mtu mrefu akashuka chini taratibu huku mgongo wake ukifuta ubao.

Aliyemfikia kwanza alikuwa Wilfried. Kijana huyu alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, kwa sababu alipoteza miaka kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi kabla hajarudi shuleni. Alimnyanyua mwalimu kama mtoto, akakimbia naye mpaka barabarani, akasimamisha motari wa kwanza aliyepita na pikipiki yake. Waliketi watatu juu ya pikipiki, mwalimu katikati, na Wilfried nyuma amemkumbatia kwa mikono miwili asianguke, akimwambia sikioni, "Mwalimu, usilale. Mwalimu, usilale." Hospitalini wakasema ni kiharusi: mshipa umeziba kichwani.

Hakufa. Baada ya majuma kadhaa alitembea tena kwa fimbo, akiuburuta mguu wa kuume. Mkono wa upande huo ulibaki umekunjamana kifuani. Lakini kilichowaumiza watu zaidi ni kwamba maneno yalimkimbia. Aliyaelewa ya wengine vizuri kabisa. Ukimwambia mvua inakuja, alitazama mlimani. Ukimwambia fulani amefiwa, machozi yalimlenga. Ila kila alipofungua kinywa kusema lake, lilitoka neno moja tu: "Kesho."

Akitaka maji: "Kesho." Akimsalimu jirani: "Kesho." Akipandwa na hasira kwa kutoeleweka: "Kesho! Kesho, kesho, kesho!" Hata kuandika maneno hakuweza, herufi zilikuja zimechanganyika kama punje zilizomwagika.

Shuleni, Prefe Bertin, mkuu wa shule, alitafuta mtu wa kushika darasa la sita na hakumpata. Mwalimu wa jiografia alijitolea akawa anawasomea kitabu cha hesabu kwa sauti, kama anayesoma habari, kisha anawatakia siku njema. Wanafunzi walihesabu miezi iliyobaki kabla ya mtihani wa Serikali na kuona kiza.

Ndipo Constance, mke wa Mwalimu Anatole, alipokuja ofisini kwa Prefe. Yeye mwenyewe alifundisha shule ya msingi, mwanamke mnene, mpole, asiyezunguka maneno.

"Bwana Prefe, mume yangu anataka kurudia kazi."

Prefe alivua miwani. "Mama Constance, mwalimu hasemi."

"Hasemi, ndiyo. Lakini juzi nilikuta anaandika kwa ukuta na makaa, kwa mkono wa kushoto. Nikafikiri ni michoro tu ya mugonjwa. Nikaangalia muzuri: ni hesabu. Na ni ya kweli, nilipimisha na kitabu yake. Maneno ndiyo yamekimbia. Hesabu iko."

"Na batoto batasikia nini? Siku mwinspekta anakuja nitamuambia nini?"

"Hiyo mi sijue," Constance alisema. "Ninajua tu vile anaamka kila asubuhi, anavaa shati, anakaa kwa mlango na shati yake."

Prefe aliifuta miwani yake kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa kuogopa makaratasi ya wakubwa, lakini yeye pia aliwahi kufundishwa hesabu na Anatole. "Alete ile shati," akasema mwishowe. "Tujaribu."

Siku aliporudi, darasa zima lilisimama. Mwalimu Anatole aliingia na fimbo yake, akaitundika kwenye pembe ya ubao, akachukua chaki kwa mkono wa kushoto. Aliandika polepole, tarakimu zikiwa kubwa na zimeinama kama miti ya mteremkoni: *x* kipeo cha tatu toa *3x*. Chini yake akachora mihimili miwili, wa kulala na wa kusimama, na mstari uliopanda, ukashuka, ukapanda tena. Kisha akawageukia, akanyoosha kidole kwenye mstari, akasema kwa sauti yake ileile nzito:

"Kesho."

Wanafunzi walitazamana. Mmoja akafunga daftari. Mwingine akafuata, na punde darasa zima lilikuwa linaweka vitu mikobani, wakidhani mwalimu amechoka na amewaambia warudi kesho.

"Kesho!" mwalimu alipaza, akitikisa kichwa, akigonga ubao. "Kesho, kesho!"

"Ndiyo, mwalimu, tumeelewa," alisema mmoja wa mbele kwa adabu, tayari amesimama.

Nyuma ya darasa Wilfried alinyoosha kidole hewani na kuiga, "Kesho!" Sauti aliipata sawasawa. Kicheko kililipuka. Kilikuwa cha woga zaidi kuliko cha ubaya, lakini mwalimu aliyekisikia hakuwa na namna ya kujua tofauti. Alishusha chaki.

Zubeda hakucheka. Alikuwa bado anatazama ubao. Kwa mara ya kwanza tangu aanze darasa la sita, maandishi yalikuwa yamekaa pale muda wa kutosha, hayakufutwa, na hakuna sauti iliyokuwa inayakimbiza. Na katika ule utulivu aliona kitu.

"Hajasema twende," alisema. Kisha kwa nguvu zaidi: "Kaeni! Anatuuliza. Mwalimu, unatuuliza wapi mstari unageuka? Pale juu na pale chini?"

Mwalimu Anatole alimgeukia kwa ghafla. Akainua mkono wake mzima, akauteremsha kwa nguvu: ndiyo.

"Anauliza wapi unageuka," Zubeda aliwaambia wenzake. Nao wakaketi mmoja mmoja.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Mwalimu aliandika, Zubeda alisoma kwa sauti na kusema alichoelewa, mwalimu akateremsha mkono akikubali au akautikisa akikataa. Kwanza alikuwa akisoma kutoka kitini kwake. Baada ya juma moja alikuwa amesimama kando ya ubao. Alisoma kwa Kifaransa kama kitabu kinavyotaka, halafu akarudia kwa Kiswahili, na kwa kuwa alishindwa kusema asichokielewa, ilimbidi aulize kila hatua. Maswali yaleyale yaliyochekwa zamani sasa yakawa ndiyo somo.

Siku moja mwalimu alikuja ameshikilia boga kwapani. Alikuwa ameona siku ya nyuma kwamba hawakuelewa kwa nini mteremko kwenye kilele ni sifuri. Aliliweka boga mezani, akachukua rula, akailaza ubavuni mwa boga. Rula iligusa mahali pamoja tu, ikasimama imeinuka. Akaisogeza juu kidogo: mwinuko wake ukapungua, ikakaribia kulala. Akaisogeza mpaka kileleni: ikalala sawasawa, kama ziwa siku isiyo na upepo. Akaipitisha upande wa pili: ikaanza kuinama kwenda chini.

"Ona rula," Zubeda alisema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa na mshangao. "Derivé, ile tunaita mteremko, ni ile rula. Pembeni inapanda, huku inashuka. Kwa kichwa ya boga haipande, haishuke. Ndiyo sifuri!"

"Aaa!" darasa likasema kwa pamoja, na mwalimu akacheka kwa upande mmoja wa uso. Boga lenyewe walilipika mchana kwa mama aliyeuza chakula langoni, kila mmoja akapata kipande.

Habari zilienea. Wazazi wengine walinung'unika kwamba watoto wanafundishwa na bubu, lakini walipoona watoto wanarudi nyumbani wanabishana juu ya fonksyo, wakanyamaza. Zubeda naye alibadilika. Alitembea akiwa ameinua shingo. Wenzake walimwita Mwalimu Mdogo, na hakulikataa jina hilo. Hapo ndipo kosa lilipopata mlango.

Walikuwa wameanza hesabu za uwezekano. Mwalimu alichora mfuko ubaoni, ndani yake viduara vitano vilivyopakwa rangi na vitatu vyeupe. Akachora mkono ukitoa kimoja, halafu ukitoa cha pili. Kisha akaandika: tano juu ya nane, mara, nne juu ya saba.

Zubeda alisoma swali vizuri, vile viduara akaviita karanga. Mfuko una karanga tano nyekundu na tatu nyeupe. Tunatoa mbili. Kuna uwezekano gani zote mbili ziwe nyekundu? "Ya kwanza ni tano juu ya nane," alisema. "Ya pili..." Akasita. Nne juu ya saba? Mfuko ni uleule, na una karanga nane. Aliitazama ile nne, imeandikwa kwa mkono uliopinda. Aliwaza: leo mkono umemponyoka. Amechoka, maskini.

Akachukua kitambaa, akafuta nne na saba, akaandika tano na nane.

"Mwalimu alitaka kuandika hivi," aliwaambia wenzake. "Tano juu ya nane, mara tano juu ya nane."

Mwalimu Anatole alimtazama kama hakuamini. Akatikisa mkono. Akafuta, akaandika tena nne juu ya saba, akiikandamiza chaki mpaka ikakatika.

"Kesho!" alisema. "Kesho!"

"Ndiyo, mwalimu," Zubeda alijibu kwa upole, upole ule wa mtu anayemtuliza mgonjwa. Akageukia darasa, akashusha sauti, lakini hakuishusha vya kutosha. "Leo amechoka. Andikeni ile yangu."

Nao wakaandika ile yake. Mwalimu alisikia kalamu zote zikikwaruza kwa pamoja. Aliwatazama mmoja mmoja, watoto aliowafundisha tangu mwanzo wa mwaka, na hakuna aliyeinua macho. Alichukua fimbo yake, akatoka. Waliuona mgongo wake ukivuka uwanja taratibu, mguu ukiandika mstari mavumbini.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata.

Zubeda alijipa moyo kwamba ni ugonjwa. Lakini alikuwa mtu yule asiyeweza kuandika asichokielewa, na ile nne juu ya saba ilikataa kumtoka. Jioni, akimsaidia shangazi yake kupanga samaki kwenye beseni, alichukua mgebuka mmoja akampa jirani aliyekuja kununua. Akatazama beseni. Samaki walikuwa wamepungua mmoja. Akabaki ameinama pale, mikono inanuka samaki, na joto likampanda usoni.

"Una nini?" shangazi akauliza.

"Nimemukosea mutu," Zubeda alisema.

Alipofika nyumbani kwa mwalimu jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Constance alimpokea uani. Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Amekaa kule chumbani," alisema. "Hataki kula, hataki kuvaa shati. Mulimufanya nini?"

Zubeda alieleza yote, hakujificha. Constance alisikiliza huku akipepeta karanga zilizotoka motoni.

"Mutoto yangu," alisema mwishowe, "watu bengi hapa wanamusemesha polepole, kwa sauti kubwa, kama mutoto mudogo. Hata padri. Alikuwa na pahali pamoja tu pa kuwa Anatole: mbele ya ile ubao."

Zubeda alianza kulia. Constance akamwacha alie kidogo, kisha akamkabidhi bakuli lenye karanga. "Ingia nayo. Mi sitasema kwa pahali yako."

Mwalimu aliketi kitandani, ameelekea ukutani. Ukuta wote, kutoka urefu wa mkono wake kwenda chini, ulikuwa umejaa hesabu za makaa.

"Mwalimu," Zubeda alisema, "nimekosa. Haikuwa mkono yako. Ilikuwa kichwa yangu."

Hakugeuka.

"Niliona ugonjwa, sikuona hesabu. Na niliwaambia bengine uongo juu yako. Nisamehe."

Zubeda akadhani amefukuzwa. Kisha mwalimu akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alilitazama bakuli, akalichukua, akaanza kuchagua karanga juu ya shuka kwa vidole vya mkono wa kushoto: tano nyekundu, tatu nyeupe. Akazirudisha zile nane bakulini. Akachukua moja nyekundu, akamwonyesha Zubeda, akaitupa kinywani, akaitafuna.

Akamsogezea bakuli atazame.

"Zimebaki saba," Zubeda alisema. "Nyekundu nne." Alikuwa ameshaelewa tangu kwenye beseni la samaki, lakini kuiona inatafunwa mbele yake kulimfanya acheke katikati ya machozi. "Uliikula, mwalimu. Haiwezi rudia kwa mufuko!"

Mwalimu Anatole akateremsha mkono kwa nguvu: ndiyo! Naye akacheka, cheko la upande mmoja, vipande vya karanga vikamrukia shatini, na Constance akaja mlangoni kutazama kuna nini.

Asubuhi iliyofuata Zubeda alisimama mbele ya darasa, mwalimu ameketi kando. Aliandika hesabu zote mbili ubaoni, ya mwalimu na yake.

"Hii yangu ni mbaya," alisema. "Mwalimu alikuwa na haki. Mi ndiye nilifuta haki yake, na ninyi mukanifuata mi kwa sababu nasema. Mutu kusema, haiko kujua. Kuanzia leo, nikisoma kitu na mwalimu akikataa, hapana mutu ataandika ata neno moja mpaka yeye akubali."

Wilfried alisimama kule nyuma. Kijana huyo mkubwa aliona haya mpaka akashika meza.

"Mi pia, mwalimu," alisema. "Ile siku nilikuiga. Nilikubeba kwa mikono yangu nikafikiri unakufa. Kiisha ukarudi, na hauko wewe. Niliogopa. Ndiyo nikacheka."

Mwalimu Anatole alinyanyuka, akapita kati ya madawati na fimbo yake mpaka nyuma, akaweka mkono wake wa kushoto juu ya bega la Wilfried. Akakaa hivyo kidogo. Akarudi ubaoni, akaandika swali jipya.

Miezi iliyobaki walifanya kazi kama watu wanaovuna kabla ya mvua. Waliuliza wote sasa, si Zubeda peke yake. Mwalimu aliwajibu kwa chaki, kwa mikono, kwa fimbo, kwa vizibo vya chupa, kwa kamba aliyoifunga mlangoni akiiyumbisha ili kuwaonyesha wimbi la sinusi. Prefe Bertin alikuwa akipita dirishani na kusimama akidhani hawamwoni. Siku mwinspekta alipokuja aliingia, akaketi nyuma ya darasa kipindi kizima, akatoka bila kuandika chochote, akamwomba Prefe maji ya kunywa.

Mtihani ulifika. Wanafunzi waliingia na biki zao na kadi zao, kila mmoja na karatasi tofauti na ya jirani ili wasiangaliane. Zilikuwamo hesabu walizozijua na nyingine ngeni. Zubeda alikwama mara moja, akafumba macho, akajiuliza kimoyomoyo "juu ya nini", akaendelea. Alipotoka hakuweza kusema kama amefanya vizuri au vibaya. Alisema ana njaa.

Matokeo yalitoka wakati wa likizo. Siku hiyo simu zililia mitaa yote ya Baraka, na vijana wakaanza kutoka majumbani wamejimwagia poda nyeupe vichwani, wakikimbia, wakikumbatiana, mama zao wakipiga vigelegele. Zubeda alipita mtihani, na alama nzuri kuliko alizotegemea. Mahmudu alivuka kutoka Ubwari siku hiyohiyo, akamkuta binti yake mweupe kama muhogo uliomenywa, akamkumbatia hivyohivyo, koti lake la Ijumaa likajaa poda. Wengi wa darasa walipita.

Wilfried hakupita.

Zubeda alimkuta amekaa ufukweni, mbali na kelele, anatazama wavuvi wakitengeneza nyavu. Zubeda alikuwa na poda kichwani mwake bado na akaona haya kuwa nayo.

"Kulikuwa na upande mzima wa karatasi," Wilfried alisema bila kuulizwa. "Niliugeuza nikaona maswali yote kwa mara moja. Kichwa ikawa nyeupe. Nikaacha upande mzima."

"Utarudia mtihani mwaka unaokuja."

"Nitarudia Misisi, ndiyo nitarudia. Shimo haiulize mutu derivé."

Zubeda aliketi karibu naye mpaka poda ikaanza kumwasha.

Mwalimu Anatole hakuwa tena Baraka. Baada ya mtihani Serikali ilimleta mwalimu mpya wa hesabu kutoka Uvira, kijana mwenye maneno yake yote, na Prefe hakuwa na namna ya kukataa. Alikwenda mwenyewe nyumbani kumweleza mzee, na watu wanasema alipotoka alikuwa analia yeye kuliko mwenye nyumba. Constance akamchukua mumewe wakapanda Fizi, mlimani, kwa kaka yake mkubwa, mahali pa baridi, apumzike.

Juma moja baada ya matokeo Zubeda aliamua kwenda kumwona. Alimpitia Wilfried kwanza. Mkoba wake wa safari ulikuwa tayari mlangoni.

"Misisi haitakimbia," Zubeda alimwambia. "Twende tukamusalimie, kiisha utafanya unavyotaka."

"Nitamuangalia na macho gani? Wote wamepita, mi nimeanguka."

"Yeye pia alianguka. Wewe ndiye ulimunyanyua."

Wilfried alipanda pikipiki. Barabara ya Fizi inapanda kwa mizunguko, na kila mzunguko ziwa lilizidi kuwa dogo nyuma yao. Walimkuta mwalimu uani, amevaa sweta, anakata kuni ndogo kwa panga kwa mkono wa kushoto. Alipowaona aliliacha panga. Alikuwa amepata maneno machache mapya kule mlimani, Constance akawaambia kwa fahari: maji, moto, hapana, na jina la mkewe. Alimshika Zubeda mikono yote miwili. Alikwisha kusikia habari yake. Kisha akamgeukia Wilfried, akasubiri.

"Nimekosa, mwalimu," Wilfried alisema akitazama chini. "Sikupita."

"Hapana," mwalimu alisema.

Wilfried akadhani hakuelewa. "Ni kweli, mwalimu. Nilishindwa."

"Hapana!" Mwalimu alimvuta mkono, akamketisha kwenye benchi la mbao ukutani, akaingia ndani. Alitoka na chaki na kipande cha ubao wa mlango wa zamani, akauegemeza magotini mwa Wilfried. Akaandika. Akampa ishara: soma.

Wilfried alimtazama Zubeda.

Zubeda alikuwa ameshafungua kinywa. Constance akamgusa kiwiko. "Njoo unisaidie sombe, mama."

Wakaenda nyuma ya nyumba kwenye kinu chenye majani ya muhogo. Kutoka pale Zubeda alisikia sauti ya Wilfried ikianza, ikikwama, ikianza tena. Alisikia kishindo cha kidole juu ya mbao: mwalimu amekataa. Wilfried akasoma upya, akakosea palepale.

"Anasahau alama ya kutoa," Zubeda alinong'ona, akaweka mchi chini. "Ngoja niende nimuambie."

"Waache," Constance alisema.

Kule mbele wakamsikia Wilfried akiuliza, polepole, kwa sauti yake mwenyewe: "Mwalimu, juu ya nini hapa inakuwa chini ya sifuri?"

Zubeda akaushika mchi tena, akaendelea kutwanga.